Mchonga Mawe Aliyetwikwa Kazi ya Rangi

Wasomaji wengi wa gazeti hili wamepata kuiona, kama si katika kitabu basi katika kalenda, ile picha ya Mungu akimnyoshea Adamu kidole. Imo katika dari ya Kikanisa cha Sistina, katika jumba la Papa huko Roma, nayo ilipakwa na Michelangelo Buonarroti, mtu wa Florence, kati ya mwaka 1508 na mwaka 1512. Nami nilipoanza kufundisha niliisimulia habari yake kama nilivyosimuliwa: ya kwamba fundi huyo alipanda jukwaani peke yake, akalala chali miaka minne, akashuka kazi imekwisha. Wanafunzi huipenda sana habari hiyo. Baadaye nimekuja kuona kwamba ina makosa karibu katika kila neno. Na lililo baya zaidi, humfanya mtoto aliyeharibu kazi yake ya kwanza adhani kwamba hana kipaji, kwa kuwa wenye vipaji hawaharibu.

Habari yenyewe ni hii. Mtu huyo alipopewa dari ile alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu. Alikuwa mashuhuri kwa kuchonga mawe, wala hakuwa amepata kumaliza hata ukuta mmoja kwa rangi. Akaanza, na kazi ya mwanzo ikaota kuvu.

Lakini kwanza yafaa tujue kazi yenyewe ni ya namna gani, maana asiyeijua hawezi kuona shida yake ilikuwa wapi. Sisi wa nchi hizi tunaijua chokaa. Pwani yetu yote, tangu Lamu hata Kilwa, nyumba za mawe zilijengwa kwa chokaa iliyochomwa kutoka matumbawe ya baharini. Jiwe likichomwa hutoka ndani yake hewa, likabaki jepesi na kali. Likitiwa maji huchemka lenyewe, likawa uji mweupe. Uji ule ukipakwa ukutani huanza kuivuta tena ile hewa iliyotoka, ndiyo hewa ile ile tuitoayo puani, nao polepole hurudi kuwa jiwe. Basi watu wa Italia walitambua tangu zamani kwamba rangi iliyokorogwa kwa maji matupu, ikitiwa juu ya lipu ya chokaa ingali mbichi, hufungwa ndani ya jiwe lile linapojifanya. Haibanduki, wala haioshwi na maji. Haihitaji gundi, wala mafuta, wala yai.

Faida hiyo ina bei yake. Lipu hukaa mbichi kwa muda wa saa chache tu. Kwa hiyo kila siku asubuhi mwashi hupiga lipu nyembamba juu ya sehemu ile tu ambayo mchoraji ataweza kuimaliza siku ile, naye mchoraji huingia mara moja. Ikifika jioni, kile kilichobaki bila rangi hukatwa kwa mwiko na kutupwa. Kesho yake huanza kipande kingine pembeni ya kile cha jana, na mahali vipande viwili vikutanapo hubaki mstari mwembamba, ambao mtu mwenye jicho akikaribia aweza kuuona hata leo. Tena rangi ikiwa mbichi si ile itakayoonekana ikikauka, maana hufifia. Basi fundi hana budi kuikumbuka rangi ya jana katika hali yake ya ubichi ili ya leo ipatane nayo. Akikosea hawezi kufuta. Hubandua lipu yote ya siku ile kwa patasi na kuanza upya. Rangi nyingine nzuri haziwezi kutiwa kabisa, kwa kuwa chokaa huziunguza. Mtu hajifunzi kazi kama hii kwa kusikia tu. Hujifunza kwa kusimama miaka mingi karibu na fundi aijuaye, akimkorogea chokaa na kumsagia rangi.

Je, Michelangelo alikuwa amesimama karibu na fundi wa namna hiyo? Hapa ndipo wanahistoria walipogombana, na ugomvi wao ulianza yeye mwenyewe angali hai. Mwaka 1550 Giorgio Vasari, mchoraji, alitoa kitabu cha maisha ya mafundi wa Italia, akaandika kwamba Michelangelo katika utoto wake alikuwa mwanafunzi wa Domenico Ghirlandaio wa Florence, fundi hodari wa kupaka kuta za makanisa. Mwaka 1553 kijana mmoja aitwaye Ascanio Condivi, aliyekuwa akiishi karibu na mzee Michelangelo na kumsikiliza, akatoa kitabu chake, akasema Ghirlandaio hakumsaidia kwa lo lote. Wengi huamini kwamba maneno hayo yalitoka kinywani mwa mzee mwenyewe. Vasari akachukizwa. Alipotoa kitabu chake mara ya pili, mwaka 1568, akachapa maandishi ya daftari la Ghirlandaio: ya kwamba mwaka 1488 babake Michelangelo alimweka mwanawe kwa fundi huyo kwa miaka mitatu. Jambo hilo likawa limekwisha kwa hati. Ghirlandaio wakati ule alikuwa akipaka kikanisa kikubwa katika Santa Maria Novella, kwa hiyo mtoto aliiona chokaa mbichi kwa macho yake. Lakini hakukaa miaka yote mitatu. Baada ya muda wa mwaka hivi akatoka akaenda kwenye mawe, na huko alikaa.

Mawe yakampa sifa. Alichonga Bikira Maria amempakata Mwanawe aliyekufa, sanamu iliyoko leo katika Kanisa la Mtakatifu Petro. Akachonga Daudi wa Florence, aliyemalizika mwaka 1504. Mwaka huo huo baraza la mji lilimpa ukuta katika ukumbi wake auchore vita. Katika ukumbi huo huo Leonardo da Vinci naye alikuwa amepewa ukuta. Michelangelo akatengeneza mchoro mkubwa juu ya karatasi, watu wakaja kuuangalia na kuunakili, lakini ukuta wenyewe hakuupaka. Leonardo aliupaka wake, lakini kwa njia mpya ya mafuta aliyoijaribu; rangi zikaharibika, akaiacha kazi. Naitaja habari hii ili msomaji aone kwamba hata fundi mkubwa kuliko wote wa zama zile alishindwa na ukuta, na Michelangelo aliyaona hayo kwa macho yake miaka michache tu kabla ya zamu yake kufika.

Zamu hiyo ililetwa na Papa Julius II, mtu wa hasira na wa vita, aliyetawazwa mwaka 1503. Mwaka 1505, ndio mwaka ule ambao Wareno wa Francisco de Almeida waliteka Kilwa na kuichoma Mombasa, Papa huyo alimwita Michelangelo Roma amjengee kaburi lenye sanamu nyingi. Michelangelo akafurahi mno. Alikaa miezi minane katika milima ya Carrara akichagua mawe. Lakini aliporudi aliona moyo wa Papa umekwisha kugeuka: sasa alitaka kulijenga upya Kanisa la Mtakatifu Petro, na fedha zote zikaenda huko pamoja na mwashi wake mkuu, Bramante. Michelangelo akaomba alipwe gharama za mawe, akafukuzwa mlangoni. Mwezi wa Aprili mwaka 1506 akapanda farasi akakimbilia Florence, na siku ya pili yake Papa akaweka jiwe la msingi la kanisa jipya. Walipatana mwishoni mwa mwaka huo mjini Bologna. Kwanza Papa akamfanyisha sanamu yake ya shaba, ambayo wenyeji wa Bologna waliivunja mwaka 1511 ikayeyushwa ikawa mzinga. Kisha akamwambia habari ya dari.

Nani aliyemtia Papa wazo hilo? Condivi asema ni Bramante na wenziwe, kwa husuda: walijua mchonga mawe hajui kupaka, wakataka aaibike mbele ya watu. Masimulizi haya yamerudiwa katika vitabu vingi, nayo yapendeza, maana kila hadithi hutaka adui. Lakini iko barua, iliyoandikwa mwezi wa Mei mwaka 1506 na mwashi mmoja wa Florence, Piero Rosselli, aliyekuwapo Papa akizungumza na Bramante mezani. Papa alisema atamwita Michelangelo aipake dari. Naye Bramante akajibu kwamba hataweza, kwa kuwa hajachora sanamu nyingi za watu, na hasa za juu sana zitazamwazo kutoka chini, ambazo ni kazi nyingine kabisa. Rosselli akamwandikia rafiki yake kwa hasira, kana kwamba ametukanwa. Basi kwa hati hii Bramante hakumsukuma Michelangelo shimoni, bali alimwonya Papa juu ya shimo. Na kwa maoni yangu, kama tutasema kweli, aliyoyasema yalikuwa sawa. Mtu aweza kuwa mpinzani wetu na bado akaujua upungufu wetu kuliko rafiki zetu.

Kikanisa chenyewe kilijengwa na Papa Sixtus IV, ami yake Julius, na kwa jina lake ndiyo kikaitwa Sistina. Urefu wake ni kama mita 41, upana mita 13 na zaidi kidogo, na dari, iliyopinda kama mgongo wa mashua iliyofudikizwa, iko juu kadiri ya mita 20. Kuta zake zilikuwa zimekwisha kupakwa tangu miaka ya 1481 na 1482 na mafundi walio bora wa wakati huo: Perugino, Botticelli, Cosimo Rosselli, na pamoja nao Ghirlandaio yule yule. Kwa hiyo mwanafunzi aliyetoroka sasa alitakiwa kupaka juu ya kichwa cha mwalimu wake. Dari ilikuwa ya rangi ya samawati yenye nyota za dhahabu. Lakini mwaka 1504 ardhi ilititia, ukatokea ufa mkubwa, ukazibwa kwa matofali, na samawati ile ikabaki na kovu.

Iko hati ya Michelangelo ya tarehe 10 Mei 1508, ya kupokea dukati 500 za kuanzia kazi. Katika hati hiyo, iliyo ya kazi ya rangi, alijiandika kuwa mchongaji.

Papa alitaka mitume kumi na wawili, na nafasi zilizosalia zijazwe mapambo. Michelangelo, kama alivyokumbuka katika barua ya mwaka 1523, alimwambia Papa kwamba itakuwa kazi maskini. Papa akauliza kwa nini, akajibu kwamba hata mitume wenyewe walikuwa maskini. Ndipo akapewa ruhusa afanye apendavyo. Sijui mtu mwingine aliyeulalamikia mzigo kuwa ni mzito, kisha akaomba uongezwe. Badala ya watu kumi na wawili dari ile ina zaidi ya mia tatu: visa tisa vya Mwanzo katikati, tangu kuumbwa nuru hata ulevi wa Nuhu, na kando yake manabii, wanawake watabiri wa mataifa, na wazee wa ukoo wa Bwana wetu.

Jambo la kwanza lilikuwa jukwaa. Bramante alilitundika kwa kamba zilizopenyezwa katika matundu ya dari. Michelangelo akauliza: kazi ikiisha, kamba zikitolewa, matundu yatazibwaje? Hakupata jibu lenye maana, basi akajenga lake, lililokaa juu ya miti iliyochomekwa kutani pembeni ya madirisha, lisiiguse dari. Kamba zilizobaki alimpa seremala maskini, naye akaziuza, akapata fedha za kumwozea binti yake. Ndivyo masimulizi ya kale yasemavyo. Jukwaa lile lilifunika nusu ya kikanisa, na chini yake ibada ziliweza kuendelea. Katika miaka ya 1980 mafundi waliokwenda kuisafisha dari waliyaona matundu yale ya miti kutani, wakayatumia tena kwa jukwaa lao. Tena juu yake fundi husimama. Michelangelo hakulala chali: alisimama ameinua uso na mkono, rangi ikimdondokea. Mwenyewe alimwandikia rafiki yake shairi la mzaha juu ya mateso hayo, na ukingoni akajichora amesimama amepinda mgongo; akamalizia kwa kukana kwamba yeye ni mchoraji.

La pili lilikuwa wenzake. Alijua hajui, na hili namsifu nalo. Alimwita kutoka Florence rafiki yake wa utoto, Francesco Granacci, yule aliyempeleka kwanza kwa Ghirlandaio, na kwa msaada wake wakaja wengine waliozoea chokaa: Bugiardini, Indaco, Bastiano da Sangallo, Agnolo di Donnino na Jacopo di Sandro. Kazi ya kubandua lipu ya zamani na kupiga ya chini iliyo mpya aliifanya Piero Rosselli, yule mwandishi wa barua. Vasari asimulia kwamba siku moja Michelangelo hakuridhika na walichokifanya, akakibandua chote, akajifungia ndani asiwafungulie mlango, nao wakarudi kwao kwa aibu. Jacopo aliondoka kweli mapema mwaka 1509, tena kwa ugomvi. Lakini wale waliosafisha dari waliona katika sehemu za mwanzo mikono zaidi ya mmoja. Watu wale walifanya kazi, walimfundisha jinsi ya kuipata saa ya lipu, kisha majina yao yakafungiwa nje ya hadithi kama walivyofungiwa nje ya mlango.

Alianzia upande wa mlango, mbali na altare, na kisa kilichotangulia, kwa maoni ya wachunguzi wengi, ni Gharika. Ndipo balaa ikaingia. Chokaa ya Roma ilikuwa si ile ya Florence. Huko Roma walichoma jiwe liitwalo travatini, na mahali pa mchanga walichanganya vumbi la mlima wa moto. Mchanganyiko huo hukauka polepole, na ukitiwa maji mengi huleta unyevu juu ya uso. Watu wa Florence waliukoroga kama walivyozoea kwao. Wakati wa baridi ulikuwa umefika. Picha ikaanza kufunikwa na kuvu nyeupe, hata sura za watu zikafifia.

Condivi asimulia kwamba Michelangelo alikwenda kwa Papa akasema: nilikwambia hii si kazi yangu, niliyoyafanya yameharibika, na kama huamini mtume mtu akatazame. Fikirini neno hili. Mtu aliyejua thamani yake, mwenye kiburi hata mbele ya Papa, anakwenda mwenyewe kuomba mtu mwingine ayaone makosa yake. Huenda nusu ya moyo wake ilitumaini kuachiliwa arudi kwenye mawe. Papa akamtuma Giuliano da Sangallo, mwashi mzee wa Florence aliyezoea Roma. Akapanda, akatazama, akasema ni maji yaliyozidi katika chokaa, basi. Akamwonyesha dawa yake, na Michelangelo akaambiwa aendelee.

Iko barua ya tarehe 27 Januari 1509 kwa babake, nayo haina hata chembe ya fahari. Asema hajapata fedha kwa Papa kwa muda mrefu, wala hataki kuomba, kwa kuwa kazi haiendi vizuri kiasi cha kustahili malipo. Asema shida ni ugumu wa kazi yenyewe, na tena si fani yake, na siku zake zinapita bure. Akamwomba Mungu amsaidie. Mimi huwasomea wanafunzi wangu maana ya barua hiyo kabla sijawaonyesha picha ya Adamu.

Gharika ile ikabanduliwa kwa sehemu kubwa ikapakwa upya. Lile kundi la watu waliokimbilia mwamba, chini ya hema, ndilo lililobaki kutoka majaribio ya kwanza. Jumla yake kisa hicho kilichukua vipande vya siku 29. Na ukikitazama kutoka chini utaona kosa jingine lisilo la chokaa: watu ni wengi mno na ni wadogo mno. Karibu, juu ya jukwaa, bila shaka walionekana vizuri, mama aliyembeba mwanawe, mtu anayemkwea mwenziwe ili asizame. Lakini mita ishirini chini jicho haliwatofautishi. Ndilo onyo la Bramante kwa Papa! Hajachora watu wa kutazamwa kutoka chini. Wala Michelangelo hakuwa na njia ya kuliona kosa hilo, maana mbao za jukwaa zilifunika kazi, na kusogea nyuma mita ishirini angani hakuna awezaye.

Mwaka 1510, nusu ya kwanza ilipokaribia kwisha, Papa alikwenda vitani upande wa Bologna, na fedha zikakatika. Michelangelo alimfuata huko mara mbili kudai. Jukwaa likakaa, kazi ikalala karibu mwaka mzima. Hatimaye Papa alirudi, na tarehe 14 Agosti 1511, mkesha wa Kupalizwa Bikira Maria, sikukuu ya kikanisa kile, nusu ile ikafunuliwa. Mji wote ulikwenda kutazama. Lakini katika mji ule wote hapakuwa na mtazamaji aliyepata faida kama fundi mwenyewe, kwani ndiyo mara ya kwanza kusimama sakafuni na kuiona kazi yake kama waumini watakavyoiona.

Alichojifunza kimeandikwa juu. Upande wa pili wa dari watu ni wachache, nao ni wakubwa. Katika Gharika kuna umati; katika kuumbwa kwa Adamu kuna miili miwili, na baina yake hewa tupu. Adamu mzima alipakwa kwa siku nne. Mungu akitenga nuru na giza, kisa kilicho juu ya altare, alipakwa kwa siku moja tu, kipande kimoja cha lipu tangu asubuhi hata jioni. Mwanzoni alitoboa karatasi za michoro vitundu vidogo vidogo na kupiga vumbi la makaa lipite mpaka kwenye lipu, mstari kwa mstari, kama mtoto afuatishaye herufi za mwalimu. Baadaye mara nyingi alikwaruza tu kwa ncha juu ya karatasi, akaacha mengine kwa mkono. Zile nusu duara juu ya madirisha, penye wazee wa ukoo wa Kristo, alizipaka pasipo karatasi yo yote. Nabii Zakaria, aliye juu ya mlango, ameketi kwa adabu akisoma kitabu. Yona, aliye juu ya altare, ajitupa nyuma na miguu inaning'inia, na hali ukuta pale unapinda kuja mbele, yeye huonekana akienda nyuma. Mtu akitembea kutoka mlangoni mpaka altareni asoma Mwanzo kinyumenyume, tangu Nuhu hata uumbaji, na wakati huo huo asoma maendeleo ya mwanafunzi tangu darasa la kwanza hata la mwisho.

Papa alizidi kukosa saburi. Condivi asema alikuwa akipanda jukwaani, Michelangelo akimpa mkono, naye huuliza lini kazi itakwisha. Jibu lilikuwa: nitakapoweza. Siku moja Papa akaghadhibika akatishia kumtupa chini. Tarehe 31 Oktoba 1512, mkesha wa Watakatifu Wote, dari yote ikafunuliwa. Papa Julius aliifurahia muda mfupi tu, akafa mwezi wa Februari mwaka 1513. Na fundi, kwa kuzoea kuinua kichwa, kwa miezi kadhaa hakuweza kusoma barua ila kwa kuishika juu ya uso wake.

Mwezi huo wa Oktoba alimwandikia tena babake. Barua ni fupi: kikanisa nimekimaliza, Papa ameridhika sana, mambo mengine hayakwenda kama nilivyotumaini. Hayo mengine ni kaburi lile la mawe, ambalo lilimsumbua hata mwaka 1545, likasimamishwa likiwa dogo kuliko lilivyokusudiwa.

Kuhusu ile Gharika, haikuachwa kupumzika. Mwaka 1797 ghala ya baruti katika ngome ya Sant'Angelo, isiyo mbali na hapo, ililipuka, na kwa mshindo ule kipande cha lipu yake kikaanguka. Pengo liko mpaka leo. Moshi wa mishumaa na gundi za watengenezaji vilitia dari yote weusi, hata vitabu vikafundisha kwamba Michelangelo alipenda rangi za huzuni. Iliposafishwa, kazi iliyokwisha mwaka 1989, zikatokea kijani, manjano na waridi kali, baadhi ya wataalamu wakakasirika wakisema mafundi wameiharibu. Wengi leo hukubali kwamba ndizo rangi za chokaa mbichi, na kwamba mtu wa kupaka vazi la manjano lenye vivuli vya kijani alikuwa amesagiwa rangi na watu waliotoka kwa Ghirlandaio.

Miaka zaidi ya ishirini baada ya kushuka jukwaani, Papa mwingine alimwita apake ukuta ulio nyuma ya altare ya kikanisa kile kile, Hukumu ya Mwisho. Sebastiano del Piombo, mchoraji aliyekuwa rafiki yake, alimshauri Papa ipakwe kwa mafuta, akautengenezea ukuta lipu ya namna hiyo. Michelangelo hakusema ndiyo wala siyo. Ukuta ukakaa hivyo miezi. Mwanzoni mwa mwaka 1536, naye yu karibu na miaka sitini na mmoja, akaamuru lipu yote ile ibanduliwe hata matofali yaonekane, waashi wakaleta chokaa na kupiga ukuta upya, kwa ajili ya kupakwa ungali mbichi.